Saa ya Taa Nyekundu

Kwenye ushirika wetu wa umeme wananiita Mama Zima, na jina hilo sikuwahi kulichukia. Nimelitolea jasho. Kila jioni saa moja kamili nawasha taa nyekundu zilizofungwa kwenye nguzo, na kuanzia hapo hadi saa mbili kila mwanachama anazima kila kinachokula umeme, anabaki na balbu zake tu. Pasi, jiko, pampu, friji, vyote kimya. Asiyezima namsoma jina kwenye kipaza sauti kilicho juu ya paa la ofisi, na akishasomwa hapo hushinda ndani siku mbili kwa aibu.

Siyo roho mbaya. Kampuni kubwa inayotuuzia umeme kwa jumla haiangalii tu tumetumia kiasi gani. Inatafuta ile saa moja ambayo tumevuta umeme mwingi kuliko saa nyingine zote za mwezi, na kwa saa hiyo moja inatupangia bei ya mwezi mzima. Tukiibana saa hiyo, mjane mwenye balbu mbili analipa nusu ya wanacholipa watu wa mjini. Tukiilegeza, anarudi kwenye kibatari. Ndiyo maana nilikuwa mkali kama pilipili.

Kwenye mkutano wa mwaka mwanachama mmoja alisimama akaanza, "Lakini dada, wengine tuna shida zetu..." Sikumwacha amalize. Nilisema, "Kila mtu ana sababu! Tukianza kusameheana, ikifika saa moja kila nyumba itakuwa na mgonjwa. Hata baba yangu mzazi atazima!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Baba, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alipiga kuliko wote. Yeye ni mmoja wa wale saba waliochimba mashimo ya nguzo za kwanza kwa majembe yao wenyewe, na ushirika huu anaupenda kuliko sisi wanawe. Hilo nalisema bila wivu.

Baadaye mapafu yake yakachoka. Hospitali wakatupatia mashine ya oksijeni, tukaiweka sebuleni kwangu kando ya kiti chake. Nikitoka asubuhi naiacha inanguruma, nikirudi saa tatu usiku naikuta inanguruma. Niliuzoea mlio wake hadi nikawa siusikii.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Taa nyekundu zimewaka, mimi nimekodolea macho mita kuu, na mshale wake unagoma kushuka. Fundi wa nguzo akakagua laini moja moja, akasema, "Mama Zima, ni mtaa wenu."

Nikajua tu ni seremala, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yule bwana na randa yake ya umeme ni kama chanda na pete. Nikamwambia fundi akae na mita, nikatoka mbio. Sikutaka seremala anione nikija, kwa hiyo nikaamua kupita ndani kwangu nitokee uani, nimfume mkono ukiwa kwenye mashine. Njiani nilikuwa natunga maneno nitakayomsoma nayo, na nakiri nilikuwa nafurahia.

Nikafungua mlango. Ndani mashine ilikuwa kimya.

Baba alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, viganja vimekamata magoti, mabega yanapanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kumkosea adabu mkwewe hata siku moja, alikuwa amepiga magoti mbele yake akimpepea kwa kipande cha boksi. Waya wa mashine ulikuwa umekunjwa vizuri sakafuni.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Bado dakika ishirini na tano," mume wangu alisema. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

Nilichomeka ule waya kwa pupa hadi nikakosa soketi mara mbili. Baba akainua kidole kunizuia.

"Taa..." akavuta pumzi, "bado... nyekundu."

Nikamvalisha mrija puani kwa nguvu, kama mtoto anayekataa dawa. Mashine ile haili hata theluthi ya umeme wa pasi. Mimi najua, ni kazi yangu kujua.

"Tangu lini?" nikamuuliza mume wangu.

"Tangu ilipoletwa. Wiki ya tano hii."

"Kila siku?"

"Kila siku, mke wangu. Mzee aliniapisha. Alisema ukijua utamruhusu, na ukimruhusu yeye, watu watasema Mama Zima anapendelea kwao. Kila mtu atawasha chake, na bei itapanda kwa sababu yake."

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikakaa sakafuni kando ya mashine. Ng'ambo ya ukuta randa ya seremala ilikuwa inalia waziwazi.

Rangi ilianza kumrudia baba mdomoni. Alipopata pumzi ya kutosha alinitazama kwa hasira kweli kweli.

"Umenitia aibu," akasema. "Wewe ulisema hata mimi."

"Nilisema tu, baba."

"Sisi tulisikia."

Hilo *sisi* ndilo lililoninyanyua. Nilirudi ofisini nikikimbia, kanga imenidondoka sijui wapi, fundi wa nguzo ananiuliza kama nimemkamata mtu, nampita. Nikawasha kipaza sauti. Watu bila shaka walitega masikio wamsikie wa leo ni nani.

"Ni mimi," nilisema. "Jamani, kama una mashine ya mgonjwa, ya kupumulia, ya dawa, chochote cha kumweka mtu hai, usiizime. Iwashe sasa hivi. Sikuwa na maana hiyo. Wallahi sikuwa na maana hiyo."

Sikuwa nimezima hata kipaza sauti simu ya mezani ilipolia. Alikuwa mkunga wa zahanati.

"Dada, nimesikia vizuri? Hata kile kitanda cha joto cha watoto njiti?"

"Mnakizima?"

"Saa moja tu, dada, kama mlivyosema. Tunawafunga vifuani kwa mama zao mpaka taa zizimike. Sasa tuwashe?"

"Washa!" nilipiga kelele. "Washa, washa!"

"Sawa, asante sana." Kisha akauliza kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuzidisha, "Ni kwa leo tu, au na kesho tunaruhusiwa?"

Mezani, simu yangu ya mkononi ilikuwa imeanza kuita, na fundi alikuwa ameshapokea yake.