Pini ya Sufuria

Mulinge alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Taveta mjini, na sifa yake ilikuwa moja: kitu kikipita mikononi mwake hakivunjiki tena. Kikundi cha boti cha Ziwa Jipe kilipompa ile mota ndogo ya betri aitengeneze, alitoa vipande vya pini iliyokatika nyuma ya propela, akaweka msumari wa chuma kigumu, akaugonga kwa nyundo mpaka ukakaa. Jumamosi asubuhi akampelekea Kathini, mke wa ndugu yake, wageni wakiwa tayari njiani.

"Shemeji, hii sasa utazeeka uiache," alisema.

Kathini hakucheka. Boti ile alipewa kwa kura, mwanamke wa kwanza kuendesha boti pale ufuoni, na tangu aipate, pini ilikuwa imekatika mara mbili akarudi kwa kasia huku watu wakimtazama. Kikao cha kikundi kikasema wazi kwamba akikwama tena na wageni, boti inakwenda kwa Mulinge, aliyemfuata kwa kura. Naye Kathini aliipenda kazi ile, akaipenda kuliko shamba, kuliko duka, na hakuona haya kusema hivyo.

Aliipindua mota, akaizungusha propela polepole kwa kidole. Kwenye kitovu chake, pale nyundo ilipopita, palikuwa na ufa mwembamba.

"Umeipasua, shemeji."

"Huo ni mkwaruzo tu."

Kathini alikaa juu ya ndoo akafikiri. Mara zote mbili mota iligonga gogo, na mara zote mbili kilichokufa ni pini peke yake. Propela ilitoka nzima, na mota yenyewe ikawa salama. Basi pini ile haikuwa na ubovu wowote. Iliwekwa pale ikatike ili wakubwa wake wapone. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini kwa huo msumari wa Mulinge, gogo la leo lingekula propela, na propela nyingine ungeipata Mombasa, tena kwa bahati.

Akauchomoa msumari kwa koleo, jasho likimtoka. Ule ufa akauziba kwa supaglu. Kisha akaingia jikoni, akatoka na sufuria kuukuu ya alumini, akazing'oa ribiti, vile vijipini laini vinavyoshika mikono ya sufuria. Akazisugua kwa tupa moja moja mpaka zikaingia kwenye tundu la pini bila kulazimishwa. Moja akaifunga kwenye mota, nyingine akazitia mfukoni.

Mulinge alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Tunapelekwa majini na vyombo vya jikoni. Ngoja nipande mwenyewe nikashuhudie."

Wageni walikuwa akina mama wa kanisa kutoka Wundanyi, watu wa milimani ambao maji mengi waliyowahi kuyaamini ni ya ndoo. Nusu yao walibaki ufuoni wakingoja zamu. Wengine walipanda wakiongozwa na Mama Tryphena, wakavaa maboya, wakashika kingo za boti kwa mikono miwili. Mota ilipoanza kwa sauti yake ndogo wakaona si jambo la kutisha, wakaanza kuimba.

Katikati ya ziwa, boti ikagonga kisiki kilichojificha chini ya maji. Mota ikaendelea kuvuma lakini boti haikwenda popote, na upepo ukaanza kuisukuma taratibu kwenye matete. Ndani ya matete kiboko alikoroma. Wimbo ukakatika.

"Nilisema," Mulinge alianza, halafu akayatazama matete na hakumaliza.

Kathini aliogopa. Aliogopa viboko, na zaidi ya viboko aliogopa kile kikao. Lakini mikono yake ilishaanza kazi. Alizima mota, akachomoa waya wa betri, akaiinua mota yote ndani ya boti na kutandika leso chini yake, maana nati ikianguka majini ndio basi.

"Shemeji, shika kasia, tusifike kwenye matete. Mama Tryphena, nishikie leso hapa. Na msinyamaze, imbeni."

Wakaimba. Mulinge alipiga kasia kama aliyetumwa na baba yake. Kathini alifungua nati, akavuta propela, vipande vya ribiti vikadondoka kwenye leso. Propela ilikuwa nzima, na ufa ulikuwa palepale, haujasogea. Akatia ribiti nyingine, akarudisha propela, akakaza nati, akaishusha mota. Pambio lilikuwa bado halijaisha alipounganisha waya. Boti ikaruka mbele, na vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika upande wa pili wa mpaka, Tanzania.

Ufuoni alikuwa akiwangoja mwenyekiti wa kikundi, mzee Muinde, mikono nyuma.

"Nimewaona mkisimama," alisema. "Boti ilikwama?"

Watu wote walimgeukia Mulinge. Neno moja tu, na boti ni yake. Mama Tryphena alifungua kinywa, Mulinge akamwomba kwa mkono angoje. Aliinama, akaizungusha propela kwa kidole, akaitazama sana.

"Ilikwama, mzee," alisema. "Akaikwamua kabla wimbo haujaisha. Msumari wangu ungetulaza kwa viboko leo. Hii boti ina mwenyewe, msinihesabu tena."

Mzee Muinde alimtazama Kathini, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka zake kwenda kunywa chai.

Kathini alilia palepale mbele ya watu, akicheka, na hakujificha. Kisha akajipangusa uso kwa mkono wenye grisi, akaushika mpini wa mota.

"Haya," akawaita waliobaki. "Nani bado hajapanda?"