Mguu wa Nurdini

Mguu wa mbuzi ulilala juu ya meza, umenyolewa manyoya, na ndani yake, mahali pa mfupa, palikuwa na kipande cha mpini wa ufagio. Daktari Edmund aliuinua kwa vidole viwili mbele ya wauguzi wanane waliokuwa wakijifunza kutoa mifupa ya maiti kwa ajili ya wagonjwa. Mguu haukulegea.

"Kazi ndiyo hiyo," akasema. "Unachukua mfupa, unarudisha umbo. Maiti atoke hapa kama alivyoingia."

Veridiana aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikuwa na maneno mengi. Alikuwa Mngoni wa Peramiho, mwaka wa sita sasa katika hospitali ya misheni upande wa Masasi, na mikono yake ilisifiwa kuliko ulimi wake. Mshono wake ulizungushwa darasani kama picha ya harusi. Kuomba ridhaa ya ndugu lilikuwa somo la mwisho, nusu saa tu, lenye sentensi moja ya kukariri: Tunaomba familia ichangie.

Siku ya nne ya mafunzo, lori la korosho lilipinduka karibu na Nanganga. Nurdini, utingo wa miaka thelathini, mwenyeji wa Mnyambe, aliletwa akiwa hai, akafa siku mbili baadaye, asubuhi kabla ya chai. Na wodini alilala Godwin, mkulima aliyeondolewa kipande kirefu cha mfupa wa muundi uliooza. Asipopata mfupa wa kuziba pengo, mguu wake ungekatwa chini ya goti.

"Nenda wewe," Daktari Edmund akamwambia Veridiana.

Alimkuta Fakihi, kaka wa marehemu, kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, pamoja na mama yao, Bi Mwanne.

"Shikamooni. Poleni kwa msiba."

"Marahaba, sista. Tushapoa."

"Tunaomba familia ichangie."

Fakihi hakukasirika. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti mbili zilizokunjwa. Tangu itangazwe kwamba matibabu si bure tena, neno hilo lilibaki na maana moja tu wilaya nzima.

"Juzi tulichangia kitanda," alisema. "Jana tukachangia uzi. Kumbe hata maiti huchangiwa?"

Aibu ilimpanda Veridiana hadi masikioni. "Si fedha, baba. Mfupa. Wa mguu mmoja."

Fakihi akauliza, "Wewe mtu wa wapi?"

"Songea."

"Mngoni." Alizirudisha noti mfukoni. "Babu zenu walikuja na mikuki, wakachukua watu wazima wazima. Wewe umekuja na karatasi, unaomba mfupa mmoja. Kweli mmestaarabika."

Bi Mwanne akacheka huku machozi yakimtoka. Wangoni ni watani wa watu wa huku, na msibani mtani husema lolote, na hujibiwa lolote. Veridiana alijua anapaswa kuurudisha utani ule, lakini kilichomtoka kinywani ni ukweli mtupu: kwamba kuna mkulima mwenzao anayengoja kukatwa mguu, kwamba wakikataa hakuna atakayewalaumu, kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuifanya kazi hii kwa binadamu, na anaogopa. Hayo hayakuwamo katika somo.

"Na mahali pa mfupa mnaweka nini?" Bi Mwanne aliuliza.

"Mpini wa ufagio, mama. Tunauchemsha kwanza."

Fakihi akasimama. "Nurdini hatazikwa na ufagio."

Veridiana alianza kuikunja karatasi yake ya ridhaa. Lakini Fakihi alikuwa amepandisha suruali, anapima kwa kamba kutoka gotini mwake hadi kwenye kifundo.

"Tulikuwa kimo kimoja," alisema. Nusu ya majembe ya Mnyambe yalitiwa mipini aliyoichonga yeye.

"Chonga," mama yake akamwambia. "Na uulainishe."

Karatasi ilitiwa sahihi, na mti aliouchonga Fakihi ukachemshwa, ukawekwa mahali pa mfupa. Veridiana alishona kwa muda mara tatu ya ule uliopangwa. Daktari Edmund aliitazama saa, kisha akaacha kuitazama.

Saa nane mchana waoshaji, Fakihi akiwa mmoja wao, waliingia na maji. Veridiana, mwanamke na tena Mkristo, alibaki nje ya pazia. Alisikia kata ikigonga ndoo. Ndipo binamu mmoja, ambaye hakuwapo asubuhi, akasema kwa sauti, "Mbona huku mguuni kuna uzi?"

Maji yakakoma. Wangeudai mfupa, angewarudishia. Ulikuwa kwenye jokofu, hatua kumi kutoka pale. Godwin alikuwa hatua thelathini. Veridiana aligundua kwamba ameshikilia ukingo wa pazia, na kwamba hamfikirii Godwin hata kidogo.

"Huo mguu," Fakihi akasema taratibu, "niachieni mimi."

Kata ikachota tena.