Mkono Uliobaki Hewani

Tamthilia yenyewe haikuwa na mbele wala nyuma. Matajiri waligombania urithi, wakalia bila machozi, na ilipofika sehemu ya tisa hata walioiandika hawakujua tena nani kamzaa nani. Watazamaji waliivumilia kwa ajili ya mtu mmoja: mpishi wa nyumba ile, mama wa makamo aliyeingia na sinia, akasema maneno mawili matatu, akatoka. Wakambandika jina Mama Sinia. Alikuwa ameigiza redioni miaka ishirini na miwili, watu wakiijua sauti bila kuijua sura. Wenzake kazini walimwita Shangazi.

Mwigizaji mkuu alikuwa kijana mtanashati aliyetaka aitwe Staa, nao wakamwita Staa. Kila asubuhi alisoma simuni maoni ya watazamaji, na siku moja maoni ya kwanza yalisema: "Mwondoeni Staa, mwacheni Mama Sinia." Aliingia kwenye sebule ya kuigizia uso umemvimba kwa hasira.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya tukio la kofi: bwana mdogo anampiga mpishi aliyethubutu kumkanya. Mwongozaji, bwana mwembamba asiyependa ugomvi, alielekeza vizuri. Mkono upite hewani, Shangazi ageuze uso, mlio utawekwa baadaye.

Kamera zikawashwa. Kofi likatua shavuni, paa!

"Samahani, Shangazi," Staa alisema. "Mkono umeteleza."

"Turudie," mwongozaji akasema.

La pili lilimpata sikioni, likaacha mluzi usiokatika.

"Bado sijaipenda," Staa akasema huku akinyoosha vidole. "Turudie."

Binti mpambaji alikuja na poda. "Shangazi, kataa," alinong'ona. "Shavu limeumuka."

Shangazi alimtazama mwongozaji. Mwongozaji akainamia karatasi zake kana kwamba ameona mdudu. Hilo lilimuuma kuliko makofi yote mawili. Alijua akikataa watasema mama wa watu ana makuu, na wiki ijayo habari za kifo cha mpishi zitaletwa kwa simu tu, bila hata yeye kuonekana.

"Nipeni sinia langu," akasema.

Mara ya tatu Staa alikuja kwa kasi, mkono juu. Shangazi hakugeuza uso. Aliliweka sinia mezani polepole, glasi zikagongana, akasogea hadi wakakaribiana pua kwa pua, akamtolea shavu ambalo halijaguswa.

"Piga, mwanangu," alisema kwa sauti ile ya redioni, ya chini, isiyo na haraka. "Ulipougua surua nilikukeshea siku nne, nikikupoza uso kwa viganja hivi. Piga, tuone kama mkono nao husahau."

Maneno hayo ya mpishi kwa bwana mdogo wake hayakuwamo kwenye karatasi ya mtu yeyote. Mkono wa Staa ulibaki hewani. Macho yake yakamtafuta mwongozaji, yakimwomba aseme "kata". Mwongozaji hakusema. Kwa kitambo kirefu kila mtu aliona kwamba anaweza kupiga kweli, tena kwa nguvu. Kisha mkono ukashuka.

"Chai... chai imepoa," akasema. Yalikuwa maneno ya tukio jingine kabisa.

"Nitaipasha," Shangazi akajibu, akabeba sinia, akatoka.

Ukumbini alikaa juu ya kasha la nyaya, akalia. Mwongozaji alimfuata akihema. "Shangazi, hiyo sijawahi kuona!"

"Kofi la kwanza uliliona?"

"Niliona."

"Na la pili?"

Mwongozaji akainamia tena karatasi zake.

"Basi usinisifu."

Kesho yake Shangazi hakwenda kazini, wala keshokutwa. Mwongozaji alipomwomba radhi mbele ya wote, ndipo aliporudi. Tukio lilirushwa kama lilivyo, na kioja cha dunia, watu wakamsifu Staa pia: eti hatimaye kaigiza. Sifa hizo hazikuiokoa tamthilia. Ilifungwa kwenye sehemu ya kumi na tano.

Siku ya mwisho Staa alimkuta Shangazi peke yake katika chumba cha mavazi. Alisimama mlangoni.

"Shangazi, nilifanya kusudi. Mara zote mbili."

"Najua."

"Na ile ya tatu... ningepiga, ungefanya nini?"

"Ningepigwa," alisema, akaendelea kukunja aproni ya mpishi. "Ingia, mwanangu. Usisimame mlangoni."