Ninaamka kwa Kiingereza

Kiingereza Getruda alikuwa nacho, ila kuna mahali kilimkwama. Kwa Kiswahili ukisema ninafua, neno halibagui: labda unafua sasa hivi, labda unafua kila Jumamosi. Mzungu hataki mchanganyiko huo. Kaka yake Venant, mwalimu wa sekondari kule Magu, alimfundisha wiki nzima mpaka wakakaribia kukosana.

"Ukisema *I am washing* na mikono yako mikavu, Mzungu anakuona mwongo. Cha kila siku ni *I wash*. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Alisikia, lakini sikio na ulimi si ndugu. Na kazi ile aliitaka kweli. Kiwanda cha pamba alichofanyia kazi mumewe Nkwabi kilikuwa kimefungwa, na riziki ya Mwanza ilikuwa imehamia kwenye minofu ya sangara. Kiwanda kipya cha samaki, Ilemela, kilitafuta mkaguzi wa usafi, na usaili ulikuwa kwa Kiingereza. Akikosa, wangefunga virago na kurudi kijijini kwa wakwe.

Ofisini hakumkuta Mzungu. Alimkuta Mhindi mwenye mvi, Bwana Kurian, aliyeletwa kutoka kwao India kusimamia kazi. Akamwuliza kwa Kiingereza siku yake huwa inakwendaje. Getruda akafungua kinywa, na kile alichokatazwa ndicho kikatangulia kutoka.

"I am waking up at five every day. I am washing my hands many times."

Akajisikia mwenyewe. Mikono ilikuwa mapajani, mikavu kabisa. Mwongo mkubwa, na ameumbuliwa kwa kinywa chake. Akatamani ardhi immeze.

"Very good," akasema Bwana Kurian. "I am also waking up at five. My wife is scolding me daily."

Getruda akamkazia macho. Mke hakuwamo mle chumbani, wala hapakuwa na aliyekuwa akigombezwa. Kumbe bosi mzima, na kiti chake cha kuzunguka, naye huamka kwa Kiingereza kilekile cha kwake! Akacheka kabla hajajizuia. Mzee naye akacheka, bila kujua kinachochekwa, kisha akauliza:

"So, you are coming Monday?"

"I am coming Monday," akasema Getruda. "I am coming Tuesday. I am coming every day."