Jina Lililomwangukia Nashipai

Nimefundisha Vita Kuu ya Pili kwa miaka tisa katika sekondari moja ya Karatu, na miaka yote hiyo niliandika ubaoni "Wayahudi milioni sita" kama mtu anayeandika tarehe. Wanafunzi wananakili, wanakariri, mtihani ukija wanapata alama zao mbili. Sikuwa nikisikia chochote moyoni. Nadhani nao hawakusikia chochote, na hilo halikunisumbua, maana silabasi ni ndefu na kipindi ni dakika arobaini.

Mwaka 2002, wiki mbili baada ya Pasaka, mdogo wangu Godson aliniletea mgeni ofisini. Godson ni dereva wa watalii, na amejifunza Kijerumani kwa ajili ya wageni wake. Huyu alikuwa bibi wa zaidi ya miaka sabini, viatu vimejaa vumbi letu jekundu, aitwaye Bibi Hanna. Njiani alikuwa amemuuliza Godson kama watoto wa huku wanajua Wayahudi walifanyiwa nini Ulaya, na Godson, mdomo wake hauna breki, akasema dada yake ndiye anayefundisha.

Bibi alinipa karatasi. Ilikuwa na majina kumi na tisa, ya wasichana aliosoma nao darasa moja. "Mimi nilifichwa shambani kwa watu," Godson akatafsiri. "Wao hawakupata wa kuwaficha." Ijumaa angekuwa anarudi kutoka kutazama wanyama kule Kreta. Aliomba wanafunzi wangu wayasome majina yale, kila mmoja jina moja, ayasikie tena kwenye midomo ya watoto kabla hajafa. Nikakubali. Kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Siku iliyofuata niliikata orodha vipande, nikagawa kwa wanafunzi kumi na tisa wa kidato cha nne. Alex, ambaye Ijumaa Kuu aliigiza Pilato kanisani, akanyoosha mkono. "Madamu, hao si ndio waliomsulubisha Yesu? Si kanisa zima tulipiga kelele, asulubiwe?"

"Waliompigilia misumari ni askari wa Kirumi," nikamwambia. "Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi. Na mama yake. Na Petro."

"Bikira Maria Myahudi?" Darasa likacheka.

"Kwa maneno kama hayo yako, Alex, watu walichomewa nyumba zao karne na karne, Hitler hajazaliwa bado. Kaa chini."

Jambo lile lilistahili kipindi kizima. Nililitengea nusu dakika, kisha nikaamuru mazoezi yaanze.

Kumi na wanane walisoma. Wa kumi na tisa alikuwa Nashipai, binti wa Enguserosambu, kijiji cha wafugaji, anayelala bwenini, wa kwanza katika somo langu tangu kidato cha kwanza. Alisimama, akaikunja karatasi yake, akatazama sakafu.

"Soma."

"Siwezi, madamu."

"Huwezi nini? Umemsikia Alex ukamwamini?"

Akaikunja karatasi tena. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tunavyosema walimu tukiwa tumeshaamua kuchapa. Nilimchapa viboko viwili vya mkononi. Hakulia, na mimi sikuhisi kitu. Nakumbuka tu kwamba fimbo ilikuwa na vumbi la chaki. Nilipomwambia anirudishie karatasi asome mwingine, aliifumbata kwa mkono uleule niliouchapa.

Alhamisi mchana Tobiko, mlinzi wetu wa getini, alinifuata nikisahihisha madaftari. Ni mtu wa huko kwao Nashipai. Hakukaa nilipomkaribisha. "Mwalimu, yule mtoto amepigwa kwa kosa gani?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa taratibu. "Kwetu, mzee aliyezaa akifa, jina lake linabaki, wajukuu wanapewa. Lakini akifa mtoto, jina tunalizika. Halitajwi tena pale nyumbani; mtu akiteleza, ananyamazishwa papo hapo. Hata akiwepo mwingine mwenye jina hilo, tunampa jina jipya."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini zizi linafungwa jioni. "Si mama yake atasikia?"

Niliona haya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kitu kunigusa, na hakikuwa kitamu. Nilimwita Nashipai, nikamwomba radhi, jambo ambalo mwalimu halifanyi kwa mwanafunzi. Akasema amenisamehe. Nikamwambia basi anipe karatasi, atasoma mwenzake Anneth.

"Anneth akimtaja, si ni yaleyale, madamu? Huyu mmenipa mimi."

Kumlazimisha ni kumvunja, na kumwacha ni kumpunja bibi wa watu mmoja kati ya wenzake. Nilimruhusu aende na karatasi yake.

Ijumaa Bibi Hanna alikaa mbele ya darasa akiwa amefumba macho. Wanafunzi walisimama mmoja mmoja wakasoma. Alex alisoma lake vizuri, bila mzaha. Baada ya jina la kumi na nane bibi akafumbua macho. "Bado mmoja," Godson akatafsiri.

Nashipai alisimama. Nikaanza kueleza mila ile, Godson akihangaika kunifuata kwa Kijerumani chake cha tembo na faru. Uso wa bibi ukakakamaa.

"Waliowaua ndio waliotaka wasitajwe," akasema. "Waliwageuza namba. Huyo anayekosekana nilikaa naye dawati moja."

Nilitamani kuwa mahali pengine popote. Nashipai akamgeukia Godson. "Kaka, muulize, mama yake huyu niliyepewa yuko wapi?"

Godson akauliza. Jibu lilikuwa fupi. "Walikufa pamoja, siku moja."

"Na dada zake? Shangazi? Bibi yake?"

"Wote. Anasema mtaa mzima."

Nashipai akafungua kiganja. Karatasi ilikuwa imelowa jasho, wino umeanza kutawanyika.

"Kwetu tunanyamaza kwa ajili ya wafiwa," akasema polepole, kama anayepiga hesabu. "Wa huyu hayupo hata mmoja." Kisha akanitazama. "Nisome, madamu?"

Mimi niliyemchapa ili asome, nusura nimkataze. "Soma, mwanangu."

"Lea Birnfeld."

Alilitamka mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha akabaki amesimama ameinamisha kichwa, akisubiri. Nikaelewa anasubiri nini. Kwao, mtu akiteleza akataja jina la namna hiyo, sauti hutoka mara moja pembeni: ya shangazi, ya bibi, ya yeyote mwenye uchungu na mtoto yule. Alisubiri kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia anyamaze.