Umeme Ndani ya Perege

Karani Pastory alisema samaki wetu wana umeme ndani. Alisema hivyo mbele ya watu wazima, Jumatatu asubuhi, huku amejishika tumbo, na watu wazima wakatikisa vichwa kukubali. Mimi niliishia darasa la pili kwa mapadri. Siku ile niliona kwamba kuna watu waliosoma hadi la nane bure kabisa.

Kwanza nieleze bwawa lenyewe. Mgodi wetu wa bati ulikuwa kwenye vilima vya Kyerwa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Nkwenda. Mwaka ule wa 1952 ulikuwa na mtambo wake wa umeme, injini mbili za dizeli, na mimi ndiye niliyeziangalia. Injini ikifanya kazi inapata moto. Kwa hiyo pampu ilivuta maji ya kijito, yakapita kwenye mabomba yaliyoizunguka, yakatoka yakiwa ya moto, yakamwagika bwawani yapoe, kisha yakarudi tena. Hayakugusa dizeli wala grisi. Umeme ulikuwa kwenye nyaya. Kama ungekuwa majini, mimi ningekufa zamani, maana nilikuwa nikioga humo kila jioni.

Perege walitiwa bwawani na fundi mwenzangu, Egbert, aliyewaleta ndani ya debe kutoka Mto Kagera. Maji ya vuguvugu yaliwapendeza. Walinenepa mpaka mgongo wa mmoja ukajaa kiganja. Egbert alipokufa kwa kichomi, meneja alimruhusu mjane wake, Adventina, abaki kwenye chumba chao kambini, avue samaki, awakaushe kwa moshi na kuwauzia wafanyakazi. Ruhusa hiyo ndiyo iliyomweka mjini, kama kambi yetu ingeweza kuitwa mji. Kwa wakwe zake, Nyakasimbi, kaka wa marehemu alikwisha kulichukua shamba la migomba, na sasa alimngoja Adventina mwenyewe aende awe mke wake wa tatu. Mtu huyo nimemwona. Ana sauti ya mbuzi na miguu haioshi.

Sasa, Pastory. Alitoka Muleba, alivaa soksi mpaka magotini, na aliamini kwamba kila kitu cha sisi Wanyambo ni ushamba. Jumapili ile alibatizisha mtoto wake na kualika kambi nzima. Samaki alinunua kwa Adventina. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, alitaka itengenezwe nyumbani kwake, lakini si kwa mtumbwi wa mti ambao baba zetu wote wamekamulia ndizi na kuvundikia humo. Mtumbwi, alisema, una uchafu wa miaka. Akaagiza kutoka Bukoba pipa jipya la zinki, linalong'aa kama mabati ya paa, akawaonyesha wageni kabla hata ya kuwaonyesha mtoto.

"Hii ndiyo pombe safi," alisema. "Hakuna mdudu atakayekaa humu."

Kweli hakukaa mdudu. Kufika saa kumi wageni nao hawakukaa. Walikuwa nyuma ya nyumba, wameinama, kila mmoja na mgomba wake.

Mimi nilikuwa zamu mtamboni, sikula wala kunywa. Jumatatu nikakuta hukumu imeshatolewa. Meneja alikuwa mzungu mzee aliyekula samaki wa kopo kutoka kwao na kuwaogopa wale waliokuwa wakiogelea mbele ya macho yake. Alimsikiliza karani wake dakika tano, akatoa amri: Jumamosi bwawa litiwe chokaa mpaka samaki wafe wote, na Adventina apande lori la siku hiyo hiyo limrudishe Nyakasimbi.

Nilimfuata Pastory ofisini.

"Shikamoo, fundi," alisema bila kuinua kichwa, maana nilimzidi miaka kumi na alijua kanuni.

"Marahaba. Umeme umeingiaje kwenye samaki?"

"Maji yamepita kwenye mtambo. Umeme ni nguvu. Nguvu inabaki kwenye mafuta ya samaki. Ni sayansi hiyo, fundi, huwezi kuielewa."

"Basi chomeka perege kwenye ukuta wako usiku wa leo tuone kama taa itawaka."

Vijana waliokuwa mlangoni walicheka. Pastory hakucheka. Alisema watu ishirini na wawili walitapika, na wote walikula samaki. Hapo alinibana kidogo, siwezi kukana. Maana mimi mwenyewe nilikuwa na hofu yangu kuhusu bwawa lile, nayo haikuwa umeme. Mwaka uliotangulia bomba la dizeli lilivuja usiku kucha, mafuta yakatandaa juu ya maji, na samaki wakanuka taa ya chemli. Mimi na Adventina tuliwatupa wote waliovuliwa wiki tatu, hatukumwuzia mtu hata mmoja. Kwa hiyo siku ile nilizunguka bwawa lote na kulichungulia. Nikachota maji, nikanusa, nikaonja. Yalikuwa maji. Nikala perege wawili mchana na mmoja jioni, nikalala kama gogo.

Kesho yake nikaanza kuuliza nani alikula nini. Kazi hiyo ingemchukua karani saa moja, lakini karani alikuwa na sayansi.

Wa kwanza alikuwa Seif, mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka Pangani.

"Mimi nilikula perege wanne," alisema, "na ningekula wa tano kama yule padri asingenitangulia. Sikuumwa hata jino."

"Na rubisi?"

"Fundi, unaniuliza mimi habari za pombe? Nilikunywa chai."

Wa pili alikuwa Kaijage, mnyapara wa wachimbaji. Huyu kwao ni watu wa ng'ombe, na kwao samaki haliwi. Mtu akila samaki, mama yake mwenyewe humtengea kikombe cha maziwa peke yake ili asivinajisi vingine. Nilimkuta amelala kitandani, uso umemsinyaa kama ndizi iliyobabuliwa.

"Malaria," alisema kabla sijauliza.

"Malaria gani inakuja saa kumi jioni katikati ya sherehe? Ulitapika, Kaijage. Nimeambiwa ulikumbatia mgomba kama mkeo."

Akainuka kwa kiwiko. "Protase, ukisema nilitapika nitakuvunja taya. Karani amekwisha kuwaambia watu wote kwamba waliotapika ni waliokula samaki. Nikikubali nilitapika, nimekubali nilikula samaki. Nitarudije nyumbani?"

"Lakini hukula."

"Sikula! Nilikunywa tu. Vibuyu vitatu."

"Basi njoo useme hivyo mbele ya meneja."

"Siendi," alisema, akageukia ukutani. Jitu zima lenye uwezo wa kubeba gunia la mawe kwa mkono mmoja, linaona afadhali mjane aende akaolewe na mbuzi kuliko kusikia utani wa siku mbili. Nilimwambia hivyo hivyo. Akajifunika blanketi kichwani.

Nilikwenda kwa Adventina kumweleza. Alikuwa ameketi kando ya chanja lake la kukaushia, amekunja vitu vyake kwenye mkeka, hajavifunga.

"Pipa," nilisema. "Ni pipa, shemeji. Pale karakana tumekatazwa kumimina asidi ya betri kwenye ndoo ya zinki, inakula ile rangi yake na kuiyeyusha. Na rubisi ni kali, imekaa humo siku mbili inachacha. Watu wamekunywa zinki."

"Una hakika?"

"Sijaliona ndani."

"Basi twende tukalione," alisema, akasimama. Mtu mmoja mwenye akili kambini, na hakwenda shule hata siku moja.

Pastory alikuwa kazini. Mkewe, Placida, alitukaribisha na mtoto mgongoni. Pipa lilikuwa uani, bado na pombe robo, kwa sababu Pastory alikataa kumwaga kitu alichokigharamia. Nilichungulia ndani. Juu, ambapo pombe haikufika, zinki iling'aa kama kioo. Kuanzia mstari wa pombe kwenda chini ilikuwa ya kijivu, imefubaa, na nikipitisha kidole kinatoka na unga mweupe.

Placida alitutazama kisha akatazama mlango.

"Mimi nilionja Jumamosi mchana kuona kama imeiva," alisema kwa sauti ya chini. "Nikatapika Jumamosi jioni. Adventina, samaki wako uliwaleta lini?"

"Jumapili asubuhi, kabla ya misa."

"Ndiyo. Nilimwambia mume wangu Jumapili usiku. Akasema nisimwaibishe, pipa lile ameshalisifia mbele ya padri."

Nilisikia damu inanipanda. Kwa hiyo alijua. Alijua tangu Jumapili, na Jumatatu akaenda kumwuza mjane kwa ajili ya pipa. Nilitaka kwenda kumtoa ofisini kwa soksi zake. Adventina alinishika mkono.

"Dada Placida," alisema, "nigawie kibuyu kimoja cha hiyo pombe. Sitataja jina lako."

Ijumaa ilikuwa siku ya posho. Kambi nzima ilipanga foleni mbele ya ofisi kupokea unga na maharage, Pastory ameketi mezani na daftari lake, meneja amesimama nyuma yake na kiko mdomoni. Hata Kaijage alikuja, maana malaria yake haikuzuia njaa. Adventina alipofika mbele hakutoa mfuko. Aliweka mezani jani la mgomba lenye perege mmoja mnene, na kando yake kibuyu.

"Ni nini hiki?" Pastory aliuliza.

"Samaki amevuliwa leo alfajiri kwenye bwawa la umeme," alisema Adventina, kwa sauti iliyofika nyuma ya foleni. "Na hii ni rubisi yako, bwana karani, kutoka kwenye pipa lako safi. Kesho mimi napanda lori. Kabla sijaondoka, nataka ule kimoja au unywe kingine. Chagua mwenyewe. Ukichagua pombe, nitaondoka leo kwa miguu."

Mtu mmoja alisema, "Kunywa, karani! Si ndiyo safi?"

Pastory alikitazama kibuyu. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Akasema jambo hili si la mahali hapa. Meneja akatoa kiko mdomoni na kusema kwa Kiswahili chake kibovu, "Chagua, Pastory."

Na yule bwana, aliyewaambia watu ishirini na wawili kwamba samaki wana umeme, akanyoosha mkono akachukua samaki. Akala upande mmoja, akamgeuza, akala na wa pili, akanyonya hadi kichwa. Kibuyu hakukigusa hata kwa kidole.

"Kwa nini hukunywa?" meneja aliuliza.

Aliyejibu alikuwa Kaijage, kutoka katikati ya foleni, kwa kishindo: "Kwa sababu pombe yake ndiyo iliyotutapisha! Mimi samaki sijala tangu nizaliwe na nilitapika mpaka nikaona nyota!" Sasa kwa kuwa karani amekwisha kula samaki mbele za watu, Kaijage aliona aibu imepata mtu mwingine wa kukaa juu yake. Ushujaa wake ulikuja saa hiyo, umechelewa siku nne, na alipigiwa makofi.

Meneja alikwenda akaliona pipa mwenyewe. Chokaa ilirudishwa stoo. Jumamosi lori liliondoka na magunia tu, na Adventina akakunjua mkeka wake, akatia kuni chini ya chanja.

Ningependa kusema Pastory alifukuzwa. Hakufukuzwa, alikuwa na mwandiko mzuri. Wiki mbili baadaye alikuja bwawani jioni, amevaa soksi zake, kununua perege watatu. Adventina alimfungia kwenye jani.

"Uwashike kwa mkono mmoja tu, bwana karani," alimwambia. "Leo wana umeme mwingi."

Alichukua akaenda. Na wageni wakija mgodini, wakauliza kama samaki wa maji ya mtambo wanalika, Pastory huwa wa kwanza kujibu. Huwaambia wale bila wasiwasi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwapima, kisayansi, mbele ya meneja.