Mkwe Chini ya Kikwembe

Watu wa Baraka wanasema Norbert alikimbiwa na mke mwaka ule wa hamsini na sita kwa sababu ya pombe. Uongo mtupu. Norbert hanywi. Alikimbiwa kwa sababu ya mashine mbili tulizoziunda sisi wawili kwa mabaki ya redio zilizokufa: moja kwake Fizi, mlimani, nyingine kwangu mimi Mashaka, fundi cherehani wa Baraka.

Kila jioni tulizungumza. Tulizungumza nini? Hakuna. Aliniuliza kama Baraka kuna mvua, nikamuuliza kama Fizi kuna mvua, kisha tukasifiana sauti. Majirani zangu walianika nguo kwenye waya wa antena, na siku za kufua Norbert alisikika kama mtu aliyejifunika blanketi. Nilifurahi hivyo hivyo. Asiyewahi kuita hewani akaitikiwa hawezi kunielewa, wala sina haja anielewe.

Godelieve, mke wa Norbert, hakuelewa. Alipika, ugali ukapoa, mume ameketi mbele ya mashine ananiuliza habari za mawingu. Siku moja alifunga mizigo akashuka Baraka kwa mama yake, Mama Adolphine.

Kumfuata kulikuwa taabu. Kwetu mume hamkabili mama mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Ilipasa atume mjomba, na mjomba alikuwa mbali, kijijini Kilembwe, mgonjwa wa miguu. Basi Norbert akanipa wazo lake hewani: kwenye redio hakuna uso.

Nilimwendea Mama Adolphine, akakubali, akaja na Godelieve nyuma yake. Alipoiona mashine alisimama mlangoni.

"Funika iyo kintu," aliniambia. "Siwezi kuzungumuza na mukwe uso kwa uso."

Nikaifunika kwa kikwembe, kipande cha kitenge. Akaketi akiipa mgongo. Norbert akaomba msamaha vizuri sana, hata mimi ningerudi kwake. Kisha nikampa mama mikro, kile cha kusemea, nikamweleza: ukifinya kitufe unasema wewe, ukiachia anasema yeye.

"Na nikifinya, yeye hana njia ya kujibu?"

"Hana, mama. Mupaka uachie."

"Na kukimbia?"

"Atakimbilia wapi, na ni yeye alikuita?"

Uso ukamng'aa. Akafinya. Alianza na siku ya posa na yule mbuzi aliyekonda, akapita kwa ndugu za Norbert mmoja mmoja. Akiachia apumue, tulisikia "Ndiyo, mama," naye akafinya tena. Majirani walijaa dirishani. Betri ilipochoka, aliinuka akasema ataendelea kesho.

Akaja kesho, na kesho kutwa. Godelieve mwanzoni alicheka hadi machozi, kisha akaacha. Alimpenda mume wake, alikuwa amemsamehe tangu siku ya kwanza, na sasa aliona mama yake hana haraka ya kumruhusu. Yeye akirudi Fizi, mkwe ataitwa kwa sababu gani? Alinifuata kwenye cherehani.

"Yaya Mashaka, kaka yangu, mi nataka kurudia kwangu. Mama atanizeesha hapa."

Nilimtafutia nafasi kwenye lori la pamba, asubuhi, mama yake akiwa sokoni kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Lori likaondoka. Nilirudi kazini na hofu ya kweli, maana Mama Adolphine akikasirika mtaa mzima haulali.

Alikuja mapema kuliko kawaida. Aliniangalia weee. Akaifunika mashine mwenyewe, akaketi, akafinya.

"Norbert, muke yako iko mu kamio. Nilimuona anapanda, nikajificha nyuma ya bitunga bya ndagala asinione. Umupokee muzuri. Sasa, tulifika wapi? Aa, shangazi yako wa Ubwari."

Lori hupanda Fizi polepole, na shangazi wa Ubwari alikuwa na mambo mengi. Hatimaye mama aliachia kitufe anywe maji. Tukasikia mlango ukifunguliwa kule, na Norbert akisema kwa sauti nyembamba:

"Mama, unisamehe, Godelieve amefika. Naomba niinuke nimupokee."

Kisha sauti ya Godelieve, karibu kabisa na mikro, imetulia.

"Mama, endelea tu. Iko anasikia."